Mabakuli ya Kichina Makaburini mwa Wazee Wetu



Akina mama wa Kitengela na Kajiado, wengi wao wenye asili ya Pwani, wametufikishia swali lililoletwa nyumbani na watoto: je, ni kweli kwamba wazee wetu walizikwa ndani ya vyombo vya Kichina?

Sivyo. Waliozika ndani ya vyombo ni Wachina wenyewe wa zama za kale. Katika kijiji cha Banpo, karibu na mji wa Xi'an, yapata miaka 6,000 iliyopita, mtu mzima alilazwa shimoni, bali mtoto mdogo aliwekwa ndani ya mtungi wa udongo, ukafunikwa kwa bakuli na kufukiwa karibu na nyumba. Baadhi ya vifuniko hivyo vina tundu dogo, ambalo wataalamu hulieleza kuwa njia ya roho. Mama aliyefiwa na mtoto hatahitaji mtaalamu kumweleza kwa nini mtungi ule haukupelekwa mbali.

Kwetu Pwani maiti alivishwa sanda, akalazwa mwanandani na kuelekezwa kibla, pasi na chombo chochote. Bakuli la Kichina lilikaa juu ya ardhi, limepachikwa katika chokaa ya ukuta au ya mnara wa kaburi. Ndivyo yalivyopambwa makaburi ya Mambrui, kaskazini ya Malindi, na ya Kunduchi karibu na Dar es Salaam. Kauri hiyo ililetwa na biashara ya Bahari ya Hindi. Hata sinia tunalopakulia pilau, jina lake limetufikia kwa Kiarabu kutoka Sini, yaani Uchina. Majumbani kauri ilipangwa katika zidaka za ukutani; nasi twaona kwamba waliopamba kaburi walimpa marehemu heshima ya sebule yake.

Hatusemi desturi hiyo irejeshwe. Hadithi ya Jabir, aliyoipokea Imamu Muslim, yakataza kutia kaburi chokaa na kujenga juu yake. Lakini katazo hilo si ruhusa ya kubomoa wala kuiba. Leo katika makaburi mengi limebaki tundu la duara tu, bakuli limeng'olewa, na kaburi lisilo na maandishi limepoteza alama iliyomsaidia mtaalamu kukadiria umri wake. Kaburi la Gede lenye mwaka 802 Hijria, yaani 1399, lina bahati: tarehe yake imechongwa.

Basi familia zitakazoteremka Pwani likizo hii zisiwaache watoto kuokota vigae makaburini, wala zisinunue bakuli la namna hiyo kwa mchuuzi. Vitu vya kale vinalindwa na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006. Na kabla ya safari, wapelekeni Olorgesailie, huko huko Kajiado, kwenye barabara ya Magadi. Wataona mashoka ya mawe yakiwa yamelala pale pale yalipokutwa, na wageni wakipita juu ya daraja la mbao bila kuyagusa.