Mombasa Haiishii Nyali

Nikisikia msee akisema "Mombasa naijua, naenda kila Disemba", namuuliza: Mikindani umefika? Kimya. Anachokijua ni Fort Jesus, mahamri ya Mji wa Kale na bichi ya Nyali. Kisauni kaambiwa asiende, na hajaenda, lakini kuisimulia anaijua kuliko wenyewe.

Mimi mtoto wa Likoni. Mji nimefunzwa na feri: kubanana alfajiri na wapishi, mabawabu na wafua nguo wanaovuka kuipendezesha Mombasa ya watu wa Disemba. Jioni wanarudi ng'ambo, na kwenye picha hawamo.

Kutoijua mitaa hii si jambo dogo. Owino Uhuru iko huko huko Mikindani. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu sumu ya madini ya risasi, watoto nao wamo. Mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Wallahi, kiwanda kama hicho kingedumu wiki ngapi Nyali?

Panda matatu, ndugu yangu. Shuka pale ulipoambiwa usishuke. Salimia watu kwanza, picha baadaye.