Bei ya Kaboni na Tofali la Zamani
Soko la vibali vya kaboni la Umoja wa Ulaya, lililoanza mwaka 2005, humtaka mwenye kiwanda awe na kibali kwa kila tani ya hewa ukaa anayoitoa; lakini viwanda vya saruji, ambavyo hewa yao nyingi hutoka katika mawe ya chokaa yenyewe yanapochomwa tanurini, wala si katika makaa pekee, vimepewa vibali vingi bure, na msamaha huo unapunguzwa hatua kwa hatua kuanzia 2026 hadi ukome 2034. Kwa hiyo bei hiyo haijamuuma mjenzi kiasi cha kumfanya athamini boriti ya chuma au tofali la jengo linalobomolewa, kwani kulitoa zima, kulikwangua na kulipima uimara ni kazi ya mikono, na huko ujira ni ghali. Kodi nazo huvuta upande wa pili: nchini Uingereza, yenye soko lake la vibali tangu 2021, ujenzi wa nyumba mpya kwa kawaida hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia sifuri, ilhali ukarabati mwingi hutozwa asilimia 20, tofauti ambayo ni vigumu kuitetea.