Rupia 10,000 Hazikuijenga Infosys

Kila msimu wa mahafali unapowadia, hadithi ya Narayana Murthy hurudi majukwaani. Mzungumzaji mgeni, aghalabu mtu aliyealikwa kwa sababu ana gari zuri na sauti kubwa, huwasimulia vijana waliovaa majoho kwamba huko India alikuwapo mtoto wa mwalimu wa shule, mmoja kati ya watoto wanane, ambaye mwaka 1981 alipewa rupia 10,000 na mkewe, akaungana na wenzake sita, wakaanzisha kampuni ya kuandika programu za kompyuta katika mji wa Pune. Leo kampuni hiyo, Infosys, ina wafanyakazi zaidi ya 300,000. Kisha mzungumzaji hunyoosha kidole: nanyi mnasubiri nini? Ukumbi hupiga makofi. Mwakilishi wa waziri hutikisa kichwa kwa kuridhika.

Nina ugomvi na hadithi hii, na ugomvi wangu si na Murthy. Mtu huyo alifanya kazi ambayo wachache wangeiweza, na kila tukio linalotajwa jukwaani lilitokea kweli. Ugomvi wangu ni na mkasi. Hadithi imekatwa, ikabaki mkoba wa mke na jasho la mume, na vilivyoanguka chini ya mkasi ndivyo hasa vinavyoihusu Tanzania. Ikisimuliwa hivyo ilivyokatwa, huwa fimbo ya kumchapia mhitimu asiye na kazi, na papo hapo huwa mwavuli wa kumkinga aliyepaswa kumwandalia njia.

Tuanzie pale wazungumzaji wetu wanapopenda kutulizia. Murthy alizaliwa mwaka 1946 katika eneo ambalo leo ni jimbo la Karnataka. Alifaulu mtihani wa kuingia katika vyuo vya teknolojia vya taifa, vile vinavyojulikana kwa kifupi kama IIT, lakini baba yake akamweleza kwamba mshahara wa ualimu usingetosha kumsomesha huko. Hapa ukumbi hukaa kimya. Lakini kijana huyo hakwenda kuuza maji ya chupa stendi ili ajifunze kile tunachokiita maisha. Alibaki mjini Mysore, karibu na nyumbani, akasoma uhandisi wa umeme na kuhitimu mwaka 1967. Kisha akapokelewa Kanpur, katika mojawapo ya vyuo vilevile vya IIT vilivyokuwa vimemshinda kwa gharama, akamaliza shahada ya uzamili mwaka 1969. Umaskini ulimfungia mlango mmoja, lakini palikuwa na mlango wa pili, na mlango huo ulikuwa umejengwa kwa kodi ya wananchi.

Nataka nikae Kanpur kidogo. Chuo hicho kilianzishwa na serikali ya India mwaka 1959. Mwaka 1963 kilipokea kompyuta aina ya IBM 1620, na kwa mpango wa ushirikiano na vyuo vikuu tisa vya Marekani kikatangulia nchini humo katika kufundisha taaluma ya kompyuta. Kumbuka India ilikuwa nchi ya namna gani wakati huo. Katikati ya miaka ya 1960 ukame uliipiga, na ngano ya msaada kutoka Marekani ndiyo iliyokuwa ikiziba pengo la chakula. Ilikuwa rahisi kwa mtu mwenye busara ya kawaida kuuliza: watu hawana chapati, mashine ya kukokotolea ya nini? Mashine iliwekwa. Vijana wakaruhusiwa kuigusa kwa mikono yao, kuiandikia programu, kukosea, na kurudi kesho yake kukosea tena.

Alipotoka Kanpur, Murthy hakuanzisha kampuni. Alikwenda kwenye taasisi ya usimamizi ya Ahmedabad, ambayo nayo ni ya umma, akawa mkuu wa waandishi wa programu za mfumo wa kompyuta. Akaenda Paris, akafanya kazi katika mradi wa mfumo wa kuhudumia mizigo ya ndege kwa ajili ya uwanja wa Charles de Gaulle. Akarudi kwao, na mwaka 1976 akafungua kampuni iliyoitwa Softronics, ambayo ilikufa baada ya takriban mwaka mmoja na nusu. Akaajiriwa na kampuni ya Patni. Ndipo ukafika mwaka 1981, naye anakaribia umri wa miaka 35, akiwa na miaka 12 ya kushinda na mashine tangu atoke chuoni. Sisi tunamtaka kijana wa miaka 23 afanye hivyo wiki inayofuata baada ya kurudisha joho.

(Kuna kipande ambacho wahamasishaji hukipenda zaidi: mwaka 1974, akirejea kutoka Ulaya kwa kuomba lifti, Murthy alikamatwa kwenye treni karibu na mpaka wa Yugoslavia na Bulgaria na kufungiwa kwa siku kadhaa bila chakula. Mwenyewe husema kwamba hapo ndipo alipoachana na siasa za mrengo wa kushoto na kuamini kwamba umaskini utaondolewa na wajasiriamali watakaoleta ajira. Simnyimi imani yake. Ninachosema ni kwamba mahabusu ile haikumfundisha kuandika programu.)

Sasa zile rupia. Zilikuwa kama dola elfu moja na ushee kwa thamani ya wakati huo, na zilikuwa akiba ya Sudha Murty. Katika hadithi zetu Sudha ni mke mwema aliyefungua mkoba. Hasemwi kwamba alikuwa mhandisi, mwanamke wa kwanza kuajiriwa kama mhandisi katika kiwanda cha magari cha TELCO, na kwamba mume alipoingia katika kampuni isiyo na uhakika wa mshahara, yeye aliendelea kuajiriwa kwingine kama mchambuzi wa mifumo ili nyumba iwe na kipato. Mtaji halisi wa Infosys katika miaka hiyo ulikuwa mshahara wa mwanamke aliyesoma, mahali ambapo wasichana wengi wa rika lake hawakuuona hata mlango wa chuo cha ufundi. Na kwa kuwa tunasema yote, tuseme pia kwamba Murthy alizaliwa katika familia ya Kibrahmani. Mfuko wa baba ulikuwa mwepesi, lakini hadhi ya kusoma ilikuwa urithi wa vizazi vingi, urithi ambao mtoto wa Kidalit wa umri wake hakuachiwa. Umaskini wa fedha peke yake ni jambo moja. Umaskini wa fedha ulioandamana na kunyimwa elimu tangu enzi za mababu ni jambo jingine, na sisi tuliosoma shule za kata na tuliosoma seminari tunaijua tofauti hiyo vizuri.

Mwaka 2023 Murthy mwenyewe aliwaambia vijana wa India wawe tayari kufanya kazi saa 70 kwa wiki. Hapa naye ameshika mkasi. Wanafunzi wa kompyuta huja darasani kwangu kwa somo la lazima la taaluma za maendeleo, na wapo ambao ukijumlisha saa za mihadhara, za kuendesha bodaboda usiku na za kusimamia duka la mjomba Kariakoo, hizo 70 wamezipita zamani. Bumu likichelewa, zinaongezeka. Kama saa za kazi ndizo zinazojenga kampuni za programu, basi Manzese na Tandale zingekuwa zimeipita Bangalore.

Msomaji wangu wa mrengo wa soko huria atakuwa amekwisha kunikatiza: je, si serikali hiyohiyo unayoisifu ndiyo iliyoikwamisha Infosys? Ndiyo, ilifanya hivyo, na Murthy ameieleza adha hiyo mara nyingi. Kuagiza kompyuta moja kulihitaji leseni, na leseni ilihitaji safari zisizohesabika kwenda Delhi kuonana na maofisa. Kupata laini ya simu kulichukua kama mwaka mzima. Kampuni iliendesha shughuli zake kwa muda bila kompyuta yake yenyewe. Wenzake walikwenda Marekani kuandikia programu kwenye mashine za mteja. Mageuzi ya mwaka 1991 yaliondoa sehemu kubwa ya minyororo hiyo, na mwaka 1999 Infosys ikawa kampuni ya kwanza iliyosajiliwa India kuuza hisa zake katika soko la Nasdaq. Siwezi kulikana hilo, wala sioni sababu ya kulikana.

Lakini tazama serikali ilifanya nini ilipoacha kuzuia. Mwaka huohuo wa 1991 ilianzisha mamlaka ya maeneo maalumu ya programu, ikaweka mitambo ya satelaiti ili kampuni ndogo ziweze kutuma kazi ng'ambo, na ikazipa nafuu ya kodi kwa mapato ya mauzo ya nje. Bangalore yenyewe, ambako Infosys ilihamia mwaka 1983, ilikuwa tayari imejaa viwanda vya umma vya ndege, vya simu na vya vifaa vya elektroniki, pamoja na taasisi ya sayansi iliyoanzishwa mwaka 1909. Kampuni ilipohamia, ilikuta mji uliokwisha kujaa watu waliozoea kazi za aina hiyo.

Hapa ndipo historia yetu inapouma. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, miaka miwili tu baada ya ile ya Kanpur. Tulikuwa karibu nao kuliko tunavyodhani. Lakini yao iliwekwa mbele ya wanafunzi, yetu ikawekwa mbele ya hesabu za serikali. Na mradi huo wa hesabu ulipovurugika, mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. India nayo ilibana milango, hata IBM ikafungasha virago na kuondoka mwaka 1978. Tofauti ni kwamba India ilifunga mlango huku ndani ya nyumba kuna wapishi na jiko linawaka. Sisi tulifunga mlango wa nyumba ambayo hata mafiga hayajapangwa. Marufuku hiyo ililegezwa baadaye, lakini hakuna amri inayoweza kurudisha kizazi cha walimu ambacho hakikupata kuwapo.

Na tabia ya kulipisha kabla ya kulea hatujaiacha. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilimtaka mtu mwenye ukurasa wa kuandika habari au maoni kulipa jumla ya zaidi ya shilingi milioni 2 kwa ajili ya maombi, leseni na ada ya mwaka. Kiasi hicho kilikuja kupunguzwa. Lakini tafakari: mkutubi wa wilayani, au mwanafunzi mwenye wazo na simu, anaombwa alipie haki ya kujaribu kabla hajapata msomaji hata mmoja. Kisha mwezi Novemba anaambiwa awe kama Murthy.

Sisemi kwamba hakuna kilichofanyika. Mkongo wa baharini umefika Dar es Salaam tangu mwaka 2009. Mfumo wa malipo ya serikali, huu unaotupatia namba ya kumbukumbu ya malipo kwa kila huduma, ni kazi ya wataalamu wetu wenyewe, na unafanya kazi. Unathibitisha jambo ninalolitetea: vichwa vipo, na pale umma ulipoamua kuvitumia vilitoa matunda. Swali langu ni kuhusu wale ambao hawakupata nafasi katika ofisi za umma, ambao tunawaambia wajiajiri. Je, watamuuzia nani?

Swali hilo nawaelekezea wasomaji wangu walio katika vitengo vya manunuzi, maana najua mpo. Infosys ilikwenda Bangalore kwa sababu ya mteja mmoja, MICO, watengenezaji wa plagi za magari, waliokubali kuipa kazi kampuni changa ya watu saba ambayo ilikuwa haijatimiza miaka mitatu. Sheria yetu ya manunuzi inatenga asilimia 30 kwa ajili ya makundi maalumu, wakiwamo vijana. Fungueni makabrasha ya mwaka huu mhesabu ni kandarasi ngapi kati ya hizo zilikuwa za programu za kompyuta, na ngapi zilikuwa za chakula cha semina, usafi wa ofisi na uchapishaji wa fulana. Kisha someni masharti ya zabuni yenu ya mwisho ya mfumo wa kompyuta: uzoefu wa kazi kadhaa zinazofanana, hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, dhamana ya benki. Infosys ya mwaka 1983 isingeweza kuyatimiza.