Usimfukuze Paka Kabla Hujaosha Kuta

Ndugu mkulima na mfanyabiashara wa kijijini, baada ya mavuno maswali mengi ninayopata ni ya panya na wadudu wa ghalani. Lakini kuna moja linalojirudia kila mwaka: mtoto anapiga chafya usiku, macho yanamwasha, kifua kinabana, na watu wamesema ni aleji ya paka. Basi paka anatiwa kwenye kiroba na kwenda kutupwa mbali. Wiki mbili baadaye mtoto bado anakohoa, na magunia ya mahindi yameshatobolewa na panya. Nyumba hiyo imepata hasara mara mbili.

Msimamo wangu ni huu: kabla ya kumfukuza paka, mtoe chumbani, kisha osha kuta na dari.

Wengi wanadhani aleji inaletwa na manyoya. Manyoya yanabeba tu. Kinachosumbua ni protini iliyomo kwenye mate na ngozi ya paka. Paka hujilamba siku nzima, mate yanakauka kwenye manyoya, kisha yanapukutika kama unga mwembamba usioonekana kwa macho. Unga huo unaelea hewani kwa saa nyingi, halafu unanata kwenye godoro, pazia, ukuta, dari na boriti. Hata paka akiondoka leo, unaweza kubaki ndani ya nyumba kwa miezi kadhaa. Aliyemtupa paka Jumatatu akitegemea mtoto apone Jumamosi anaishia kusema "kumbe si paka", na wengine ninaowajua huanza kutafuta mchawi.

Tena tusimwonee paka peke yake. Wengi wetu tunalaza kuku ndani kwa kuogopa wezi na vicheche. Vumbi la manyoya yao na kinyesi kilichokauka navyo hupanda ukutani, na vifua vya watu vinalipa. Panya ndiye mbaya zaidi, kwa sababu mkojo wake pia unaleta aleji. Ukimwondoa paka huku panya wamejaa darini, umebadilisha aleji moja kwa nyingine, na chakula kinaliwa juu yake.

Sasa kazi yenyewe. Usifagie dari kwa ufagio mkavu. Hapo unalirudisha vumbi lote hewani, na mtoto ndiye atakayelivuta. Mtoe nje yeye na yeyote mwenye pumu, toa na magodoro yakapigwe jua, fungua madirisha, jifunge kitambaa puani. Funga kitambaa chenye unyevu kwenye mti mrefu, anza na dari na boriti, ondoa utando wa buibui na masizi, kisha shuka na kuta hadi chini. Uwe na ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa. Maji yakiwa meusi, mwaga. Ukipangusa kwa maji machafu unahamisha uchafu tu kutoka ukuta huu kwenda ule. Sakafu imalizie mwisho, na mashuka yafuliwe siku hiyo hiyo.

Sabuni ya kawaida inatosha. Jiki sikushauri, harufu yake yenyewe humbana mwenye pumu. Dari ya jipsamu ipanguswe kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri, ikilowa inaharibika. Dari ya asbesto kwenye nyumba za zamani usiisugue kabisa, vumbi lake ni hatari kuliko la paka.

Ukuta wa udongo hauoshwi. Unyunyizie maji kidogo, ufagie taratibu, kisha uukandike upya kwa udongo laini au upake chokaa. Angalia chokaa isikuingie machoni. Mwenye ukuta wa saruji, kama una fedha ya kupaka rangi chumba kimoja tu, acha sebule ya wageni, paka rangi ya mafuta chumba anacholala mtoto. Inapanguswa kirahisi.

Najua maji yanabebwa kichwani. Lakini kazi hii ni bure paka akirudi kulala kitandani usiku ule ule. Mhamishie stoo, mpe chakula huko huko, na mlango wa chumba ufungwe. Kuku nao wajengewe banda, hata la miti. Ukiacha hivyo miezi michache ndipo utajua kama tatizo lilikuwa paka.

Kazi yangu ni mazao na mifugo, si tiba. Mtoto akipumua kwa shida, mbavu zikiingia ndani au akishindwa kuongea, mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo, kuta zitasubiri. Na daktari akisema paka lazima aondoke, mpe jirani mwenye ghala, halafu kuta uzioshe vilevile.

Wenye maduka mnaolala chumba cha nyuma, haya yanawahusu pia. Paka anayelinda unga wenu usiku analala juu ya mitumba, na unga wake wa aleji unashika kwenye nguo na kwenda hadi nyumbani kwa mteja. Zifunikeni nguo kwa nailoni jioni, na shelfu zipanguseni kwa kitambaa chenye unyevu badala ya kung'uta vumbi kwa ufagio asubuhi wateja wakiwa mlangoni.