Msituambie Sisi ni Miguu Tu

Wandugu vijana, na ninyi wa mashirika mnaotusoma kimya kimya, salamu kutoka Nakivale.

Wiki iliyopita nilikuwa bombani na jerikani zangu mbili. Mama mmoja jirani akaniambia mbele ya watu: "Ee binti, kumbe uliacha bagonjwa betu, ukaenda kukaa ku kiti?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana mwezi mmoja kabla, msimamizi mmoja wa mambo ya afya alikuwa ameniambia karibu maneno hayo hayo, ila kwa lugha ya adabu: "Wewe jamii inakupenda sana, mbona unataka ofisi? Tutampata wapi mwingine wa kutembea kama wewe?"

Mama na bosi hawajuani, lakini wamekubaliana jambo moja: mkimbizi ni miguu. Atembee, abebe, aite watu kwenye chanjo. Kuandika, kuhesabu na kupanga kuna wenyewe. Leo nabishana nao wote wawili.

Nilikuwa VHT kwa miaka minne. Kwa wasiojua, VHT ni mtu wa kujitolea wa afya ya kijiji. Wako Uganda nzima, na huku kwenye makazi ya wakimbizi pia. Nilipima mikono ya watoto kwa ule utepe wa rangi tatu. Ikisoma nyekundu, chini ya sentimita 11.5, mtoto huyo anaenda kituoni siku hiyo hiyo. Nilisindikiza akina mama wenye uchungu usiku, tochi ya simu mkononi. Nilikaa na wazee wasio na ndugu, nikawapikia uji, nikawafulia mashuka. Posho ikija, imekuja. Isipokuja, unakumbushwa kwamba wewe ni wa kujitolea. Sijutii hata siku moja. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba nilihama kwa kuwa naichukia kazi ile.

Nilihama kwa sababu ya mzee mmoja wa kwetu Kivu ya Kusini.

Mzee huyu alikuwa kwenye dawa za kifua kikuu. Mnajua zile dawa ni miezi sita, na ukikatisha katikati ugonjwa unaweza kurudi na kiburi, dawa zikamshindwa. Yeye alikuwa mwezi wa nne. Nilikuwa napita kwake asubuhi, namwona anameza. Siku moja kituo kikanipa karatasi ya wagonjwa "waliopotea", tuwatafute vijijini. Nikasoma majina, nikakuta la mzee wangu. Amepotea wapi, na mimi jana tu nimemwacha kwenye mkeka wake?

Nikaenda kwake kumuuliza. Akaniambia siku tisa hajameza kidonge. Zile asubuhi mbili za mwisho nilizompita haraka nikauliza tu "umemeza?", alinijibu ndiyo kwa aibu. Alikuwa amekwenda kuchukua dawa, akaambiwa jina lake halina alama za miezi iliyopita, asubiri kwanza faili litafutwe. Yeye hajui Kiingereza wala Kinyankole. Akaelewa kwamba amekataliwa, akarudi nyumbani.

Nikafuatana naye hadi kituoni. Nikaomba kuangalia droo pamoja na mtu wa rekodi. Tulipata mafaili mawili ya mtu mmoja. Kwetu Kongo tunaandika jina la ukoo, la kati, halafu la ubatizo. Faili la kwanza lilifuata mpangilio huo, la pili lilianza na jina la ubatizo. Tena jina lake lina L, na aliyeandika mara ya pili aliweka R, kama anavyolisikia mtu wa Isingiro. Sio ubaya, ni sikio tu. Dawa za miezi mitatu zilikuwa kwenye faili moja, mwezi wa nne kwenye jingine. Mzee hakuwa amepotea. Lililopotea ni faili.

Siku ile nilielewa kitu ambacho miaka minne ya kutembea haikunifundisha: naweza kumpitia mgonjwa kila asubuhi, na bado karatasi ikamkatisha dawa. Nikaanza kwenda kituoni Jumamosi kupanga mafaili, bure. Leo niko meza ya rekodi siku tatu kwa wiki.

Sasa kwa yule mama wa bombani. Mama yangu, nakuheshimu. Lakini unadhani dawa za malaria zinakuja kituoni kwa huruma? Zinakuja kwa hesabu. Kila mgonjwa anaandikwa kwenye rejista, mwisho wa mwezi rejista inajumlishwa kwenye fomu 105 ya HMIS, fomu inaingizwa kwenye kompyuta, kwenye mfumo wa DHIS2, na wilaya na wizara wanatuona kupitia namba hizo. Mtoto ambaye hakuandikwa, kwa wanaopanga dawa hakuugua. Mtoto aliyeandikwa mara mbili kwa majina mawili anaharibu hesabu ya wengine. Ukikuta rafu tupu, usimlaumu nesi peke yake. Mara nyingine rafu ile ilianza kuwa tupu kwenye karatasi. Kukaa kwenye kile kiti na kuandika sawasawa ni kukuhudumia wewe, hata kama hunioni nikikushika mkono.

Na kwako bosi. Hoja zenu nazijua, nimezisikia zote.

Ya kwanza: wakimbizi hawana vyeti. Kweli, wengi hatuna, na wenye diploma ya serikali ya Kongo wanahangaika kuisawazisha hapa, gharama juu ya gharama. Lakini nani alitupa semina za siku tatu mwaka baada ya mwaka? Mimi niko na vyeti vya kuhudhuria kumi na moja. Kumi na moja! Hakuna hata kimoja kinachofungua mlango wa chuo. Pesa za soda, ukumbi na fulana za semina hizo zingelipia mtu mmoja kozi ya kweli ya rekodi za afya, na kozi hizo zipo Uganda, za cheti na za diploma.

Ya pili: siri za wagonjwa. Mnasema makazini watu wanajuana, mkimbizi akiona faili ataongea. Hii hoja naiheshimu, ni nzito, na kuna mtu aliwahi kuumia kweli kwa mdomo wa jirani. Lakini ni ninyi mlionituma nyumba kwa nyumba nikijua nani anameza dawa gani. Siri za vitandani mlinikabidhi bila kunisainisha kitu, siri za droo ndiyo mnaogopa? Tufundisheni Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, tusainisheni, na atakayetoa siri aadhibiwe, awe mkimbizi ama mwenyeji.

Ya tatu hamuisemi kwa sauti: kazi za meza zina mkataba na mshahara, za miguu zina posho. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inatupa nafasi ya kuajiriwa. Lakini tangazo likitoka kwa Kiingereza tu, kwenye mtandao tu, na linataka miaka mitatu ya "uzoefu wa ofisi", haki hiyo inabaki kwenye karatasi. Mwaka 2025 misaada ilipokatwa mlituambia jamii sasa ijitegemee. Itajitegemea vipi kama hakuna hata mmoja wetu anayejua kufunga ripoti ya mwezi?

Sitaki pia kuwaacha ninyi vijana wenzangu. Wako wanaotaka kiti kwa ajili ya kivuli na kuchaji simu. Nimewaona: jana alikuwa VHT, leo anamfokea mama wa Kirundi "subiri nje!" Kama hicho ndicho unachotafuta, tafadhali bakia nyumbani. Meza ya rekodi ni kazi ngumu ya uvumilivu. Unauliza jina mara tatu, unamwomba mtu akuonyeshe karatasi yake ya OPM, unaandika kama lilivyoandikwa pale, unatafuta faili la zamani kabla ya kufungua jipya. Jifunze Kiingereza cha kwenye fomu, jifunze kompyuta hata ile ya kushirikiana watu watano. Na usisahau kupita kwa wagonjwa wako wa zamani. Mimi Jumapili bado napita kwa mzee.

Tunachotaka si kikubwa. Miaka ya VHT ihesabiwe kama uzoefu wa kazi. Kila kituo kinachotibu wakimbizi kiwe na angalau mtu mmoja wa rekodi anayejua lugha na majina yetu, alipwe kama wenzake wa meza hiyo. Semina tano zifutwe, apelekwe mtu mmoja chuo. Na VHT wanaobaki vijijini waongezewe posho, maana kuhama kwangu kusiwe sababu ya kuwadharau. Anayetembea na anayeandika wanamhudumia mgonjwa mmoja.

Mzee alimaliza dawa zake. Siku ya mwisho alikuja mezani, nikafungua faili lake, moja tu sasa, nikamwonyesha neno walilomwandikia: amepona. Hajui kusoma. Akaniuliza, "Ni jina langu kweli limeandikwa hapo?" Nikamsomea herufi kwa herufi, na ile L ikiwa mahali pake.