Mnatamani familia ya mabosi? Ulizeni akina Akasha

Wasee, hii lazima niiseme. Siku hizi hapa Otonglo kila kikundi cha mabeshte watano waliotazama filamu za mafia kinajiita "familia". Kuna don, kuna naibu, kuna kiapo. Sawa, ni mchezo. Lakini ndani yake kuna uongo mmoja mkubwa: eti ukifanya biashara chafu na damu yako, uko salama.

Tuanzie Mombasa. Mzee Ibrahim Akasha alijenga mtandao wa dawa za kulevya, na Mei 2000 akauawa kwa risasi mjini Amsterdam. Mwaka wa 2002 mwanawe Kamaldin naye akapigwa risasi, akafa. Mwishowe usukani ukashikwa na Baktash, na mdogo wake Ibrahim, aliyebeba jina la baba, akawa naibu.

Novemba 2014 wakanaswa. Walikuwa wametoa kilo 99 za heroini na kilo 2 za methamfetamini kwa watu waliodhani ni wateja. Kumbe wateja wanafanya kazi na Wamarekani! Januari 2017 wakapelekwa New York, na 2018 wakakiri makosa, hongo kwa maafisa wa Kenya ikiwemo. Baktash alipewa miaka 25, Ibrahim 23. Jumlisha: miaka 48, watoto wa baba mmoja.

Na hao Wamarekani mnaowaiga? Carlo Gambino alipokufa 1976, kiti kilimwendea shemeji yake, Paul Castellano. Wengine wakanuna. Desemba 1985 Castellano akauawa nje ya mkahawa Manhattan, kwa mpango wa John Gotti, ambaye alichukua kiti. Gotti akafungwa maisha 1992, akafia gerezani 2002. Mwanawe, John pia, alikiri makosa 1999 na akafungwa.

Mnaona shida iko wapi? Ukikosana na mwenyekiti wa steji ya boda, unahamia steji nyingine. Ukikosana na kaka yako ndani ya genge, utahamia wapi? Hukuomba kazi, kwa hivyo huwezi kuiacha. Maadui wake ni wako, kesi yake ni yako. Na sisi tumelelewa kwamba mkubwa akisema, unafanya. Hiyo heshima ndiyo bosi anaitumia. Hakulipi uaminifu, anakukumbusha tu mlinyonya wapi.

Najua kuna mtu atasema, "Lakini pesa." Hata jina la mtaa wetu ni jina la sarafu ya zamani, kwa hivyo nawaelewa. Mimi mwenyewe niliacha chuo kwa sababu karo iliisha, siwahubirii nikiwa nimeshiba. Lakini akina Akasha walikuwa na pesa hadi ya kuhonga, na ikawanunulia miaka miwili tu ya kesi nyumbani kabla ya ndege.

Kwa hivyo, siku binamu atakuambia, "Bro, chukua hii begi upeleke Busia, usiulize maswali", uliza. Uliza mara mbili. Ndugu anayekupenda atafungua zipu mbele yako. Akikasirika na kuanza kukukumbusha nyinyi ni damu moja, mwachie begi yake.

Hapo umemkosea adabu? Mimi nasema hapana. Nyinyi je?