MAONI YA TAWI: Mvua ya Desemba tusiiache iende korongoni



Ujumbe huu ni mrefu kuliko tulivyozoea kutumiana hapa. Tunaomba usomwe mpaka mwisho, na mwenye simu janja amsomee jirani yake asiye nayo.

Kila mahindi yakianza kujikunja majani, swali linalotawala vikao vyetu ni moja: mahindi ya bei nafuu kutoka NFRA yatafika lini? Ni swali halali. Mwananchi mwenye njaa ana haki ya kuiuliza Serikali yake, na kiongozi wa chama anayeona aibu kulifikisha huko juu hatufai. Lakini maoni ya tawi ni kwamba hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: mvua iliyonyesha Desemba na Januari ilikwenda wapi?

Tupige hesabu kidogo. Milimita moja ya mvua ikidondoka kwenye ekari moja ni lita kama 4,000. Mvua moja kubwa ya milimita 30, ile inayopiga jioni tukakimbilia chini ya mabati, inashusha kwenye ekari moja lita zaidi ya 120,000, yaani ndoo 6,000 za lita 20. Tuseme theluthi tu inateremka na kuondoka. Hizo ni ndoo 2,000 kutoka shamba la mtu mmoja, kwa mvua ya siku moja. Mama zetu wanajua ndoo moja ina uzito gani kichwani. Halafu mbele ya safari, mahindi yakitoa mbelewele na mvua ikakata wiki tatu, tunasema mwaka huu mvua haikuwepo. Ilikuwepo. Ilipita.

Hatusemi hali ya hewa haijabadilika. Mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022 ukame uliua makumi ya maelfu ya mifugo Simanjiro, humu humu mkoani Manyara. Haikupita miaka miwili, mvua za El Niño zikaja, na tarehe 3 Desemba 2023 tope likashuka kutoka Mlima Hanang na kutuzikia ndugu zetu Katesh, Jorodom na hapa Gendabi. Tuelewane hapo: matuta ya shambani yasingeuzuia mlima ule, na asitokee mtu wa kuwaambia wafiwa kwamba walilima vibaya. Tunachosema ni kwamba ardhi hii sasa inapata kiu na mafuriko kwa kupokezana, na mkulima asiyejua kuyapunguzia maji mwendo anaumia mara zote mbili.

Ufundi wenyewe si mgeni. Wazee wa Kiiraqw kule Kainam, Mbulu, wameishi miaka mingi kwenye miteremko mikali kwa kulima matuta, kufuga ng'ombe zizini na kurudisha samadi shambani, kabla hatujasikia neno mabadiliko ya tabianchi. Dodoma kuna kijiji kinaitwa Chololo ambacho kimelipa jina shimo la kupandia: unachimba kina cha kama sentimita 30, unaweka samadi, unapanda, na maji yanatuama pale pale penye mzizi. Karatu wakulima wamejifunza kutumia jembe la kuchana mstari badala ya plau inayogeuza shamba zima, na kupanda ngwara katikati ya mahindi ili ardhi isibaki uchi. Ngwara ile inafunika udongo, na punje zake zina soko mpaka Kenya.

Kwetu sisi kazi ya kwanza iwe kulima kwa kukata mteremko na kuyafunga matuta. Wengi tunalima kufuata urefu wa shamba, kwa sababu dereva wa trekta anataka mistari mirefu amalize haraka. Shamba likielekea chini, kila mfereji unakuwa barabara ya maji. Ukikata mteremko, kisha kila baada ya hatua chache ukaweka kizuizi kidogo cha udongo kati ya tuta na tuta, maji yanasimama na kuzama. Hapa pana angalizo: kwenye udongo mweusi wa mbuga usifunge kabisa, acha upenyo, la sivyo mwaka wa mvua nyingi mahindi yatakuwa manjano kwa kusimama majini. Mwenye udongo mwekundu au wa kichanga afunge bila wasiwasi.

Tena tuzisikilize mbaazi. Wengi walizikasirikia tangu 2017, India ilipobana uingizaji na bei ikaanguka vibaya. Hasira hiyo tunaielewa. Lakini mzizi wa mbaazi unakwenda chini kuliko wa mahindi, unatoboa lile tabaka gumu lililoachwa na plau ya kila mwaka, na majani yake yanaanguka yanakuwa mbolea. Hata bei ikiwa mbaya, ule mzizi umeshafanya kazi. Na mbegu tuchague za muda mfupi. Situka, iliyotoka kituo cha utafiti cha Selian kule Arusha, ilitengenezwa kwa ajili ya maeneo yenye mvua chache kama yetu. Kung'ang'ania mbegu ya kukomaa miezi mitano kwa sababu gunzi lake ni kubwa ni kamari.

Sasa tufike kwenye kidonda, kwa sababu mpaka hapa bwana shamba angeweza kuyasema yote bila sisi. *Mabua.*

Mabua yakibaki shambani baada ya kuvuna, jua haliupigi udongo moja kwa moja na matone ya kwanza ya mvua hayaupasui. Lakini kwa desturi yetu, ukishavuna tu shamba ni la wote. Ng'ombe wanaingia, wa kwako na wa jirani, na mwezi mmoja baadaye pamebaki vumbi. Mkulima mmoja hawezi kulibadilisha hili peke yake. Akizuia, anaonekana mchoyo, na usiku ng'ombe wanaingia vilevile. Upande wa pili, mfugaji anauliza: kiangazi hiki niwapeleke wapi? Kwa ndugu zetu Wabarabaig swali hilo ni zito zaidi, maana malisho yao bora yalichukuliwa na mashamba ya ngano ya NAFCO, na machungu yake yalifika mpaka mahakamani. Hao nao ni wanachama wa tawi hili. Tamko linalowasahau halitafika popote.

Amri pia haitafika popote. Mwaka 1955 serikali ya kikoloni ililazimisha matuta Uluguru, watu wakayakataa kwa vurugu, ingawa matuta yenyewe si kitu kibaya. Jirani zetu wa Kondoa mwaka 1979 waliondolewa mifugo yote kwenye eneo lililoliwa na mmomonyoko. Nyasi na miti vilirudi, hilo ni kweli. Lakini familia zilikosa maziwa na samadi, na ng'ombe wale hawakuyeyuka, walikwenda kubana malisho ya watu wengine. Sisi hatutaki njia hiyo.

Pendekezo la tawi ni hili. Mwenye shamba akate sehemu ya juu ya bua iwe chakula cha mifugo, yake au ya atakayemuuzia kwa makubaliano, na sehemu ya chini ibaki imesimama mpaka msimu ujao. Anayetaka kulifunga shamba lake lote baada ya mavuno awe na haki hiyo, na haki hiyo ilindwe kwa sheria ndogo ya kijiji. Njia za kupitisha ng'ombe kwenda majini zibaki wazi na zijulikane. Sheria ndogo hiyo haitungwi na chama. Inapitia Halmashauri ya Kijiji na mkutano mkuu wa kijiji, ambako mwenye kadi yetu, mwenye kadi nyingine na asiye na kadi wote wana sauti. Kazi yetu ni kuifikisha pale ikiwa imeshazungumzwa, siyo ikiwa imeshaamuliwa.

Lipo jambo ambalo vikao vingi hulikwepa: mashamba ya kukodi. Anayekodi msimu mmoja hana sababu ya kuchimba shimo litakalomnufaisha mwingine mwakani. Wenye mashamba, na baadhi ni viongozi wetu wenyewe, wakodishe misimu mitatu kwa maandishi kwa anayekubali kukata mteremko. Tukianza na viongozi, wengine watatuamini.

Kuhusu fedha, ile mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 na ikarejea 2024. Kikundi cha vijana kikikopa majembe mawili ya kuchana mstari na kuwa na maksai wake, kinaweza kuwalimia majirani kwa malipo msimu mzima. Hiyo ni biashara halisi kuliko maombi mengi ya pikipiki tunayoyaona. Na kazi ya mashimo na matuta mwaka wa kwanza ni nzito, tusifichane. Ikiachwa kwa akina mama peke yao, itakufa kabla ya mwaka wa pili.

Kila balozi aje kwenye kikao kijacho cha tawi na majibu matatu kutoka shinani kwake: mashamba mangapi yanalimwa kufuata mteremko, mangapi ni ya kukodi, na wafugaji wanasemaje kuhusu mabua. Asiyekubaliana na maoni haya aandike hapa au aje aseme. Afisa ugani wa kata tutamwalika asikilize kwanza, kisha aseme.

Katibu Mwenezi wa Tawi